Tufundishwe pia namna ya kupunguza kuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hutusumbua kila mwaka sisi tunaofuga kuku wachache majumbani hapa Tabora, na ambalo sijaliona likiandikwa. Nimesoma makala nyingi za ufugaji na nimehudhuria mafunzo mara mbili katika kata yetu. Kote huko tunafundishwa kujenga banda, kuchanja, kulea vifaranga na kuongeza idadi, na kwa kweli mafunzo hayo yametusaidia. Lakini kuku wakishastawi wakawa wengi kuliko banda na kuliko uwezo wa mfuko, hakuna anayemwambia mfugaji ni yupi abaki na ni yupi aondoke, na hapo ndipo wengi wetu huiharibu kazi ya mwaka mzima kwa asubuhi moja.

Mimi ninakaa Isevya. Banda langu lina upana wa mita 2 na urefu wa mita 2 na nusu, yaani mita 5 za mraba, na kwa kipimo tunachofundishwa cha kuku 5 kwa kila mita ya mraba linawatosha kuku 25. Mwishoni mwa Mei mwaka jana nilisimama mlangoni jioni nikawahesabu wakiingia, nikapata 41 bila vifaranga: mitetea 24, matemba 9 ambao hawajaanza kutaga, na majogoo 8. Kuku 16 walikuwa wamezidi. Kuku mkubwa anayefungiwa hula takribani gramu 100 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo hao 16 peke yao, nikiwafungia, wangekula si chini ya kilo 48 kwa mwezi. Wakati wa masika kuku wetu hujitafutia majani mabichi, mchwa na wadudu, na mfugaji halioni sana deni hilo. Lakini kuanzia Juni hadi mvua za Novemba ardhi ya Tabora hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na kila kinachoingia tumboni mwa kuku hutoka kwenye gunia la pumba, mashudu ya alizeti na dagaa vilivyonunuliwa. Wakati huohuo wanaanza kugombania nafasi kwenye fito za kulalia, wanyonge wanalala chini kwenye mavi, mayai yanavunjwa kwa kukanyagwa, na utitiri unahama kutoka kwa mmoja hadi mwingine usiku kucha.

Miaka mitatu iliyopita, nilipofikia hali kama hiyo, nilimwachia mnunuzi aamue. Alikuja na baiskeli yenye tenga nyuma, akawapapasa vifua mmoja mmoja, akachukua matemba saba na mitetea wawili waliokuwa wamenona, akalipa fedha taslimu, akaenda zake. Nilifurahi sana siku hiyo kwa sababu nilikuwa na sare za shule za kununua. Mnunuzi yule hakunidhulumu, kwani alilipa bei tuliyopatana. Kosa lilikuwa langu kumwachia achague. Yeye alitafuta kuku wenye nyama laini watakaouzika haraka, nao ndio waliokuwa wakikaribia kuanza kutaga. Nilibaki na mitetea wazee na majogoo watano waliokuwa wakipigana kutwa nzima, na kufikia Februari nilikuwa nikinunua mayai dukani huku nina banda limejaa kuku.

Tangu hapo nimeamua kwamba uchaguzi lazima nifanye mwenyewe, kabla mnunuzi hajafika na kabla shida haijabisha hodi, na nauelezea hapa kwa kirefu kwa sababu hauhitaji chombo chochote isipokuwa tochi na vidole. Naufanya saa moja na nusu usiku, kuku wakiwa wametulia kwenye fito. Mwanangu anamulika, mimi namshika mtetea kwa mikono miwili, namgeuza kichwa kielekee nyuma yangu na mkia mbele, kisha naweka vidole kwenye ile mifupa miwili ya nyonga iliyo pande mbili za tundu la kutagia. Kwa kuku anayetaga, mifupa hiyo imeachana kiasi cha kuingia vidole viwili au vitatu, ngozi ya hapo ni laini, tundu ni pana na lina unyevu, na upanga wa kichwani ni mwekundu na umejaa. Kwa kuku asiyetaga, nafasi haizidi kidole kimoja, tundu limesinyaa na ni kavu, na upanga umefifia. Kuku mwingine ambaye mchana ningeapa kwamba ndiye anayejaza kiota, mwenye manyoya yanayong'aa na mapaja mazito, nilikuta kidole kimoja kinapita kwa taabu. Amenenepa kwa sababu chakula chake hakiendi kwenye mayai. Na mtetea mmoja mwenye madoa kama ya kanga, aliyechakaa manyoya mgongoni na mwepesi mkononi, niliyekuwa nimemweka akilini kuwa wa kwanza kuondoka, vidole vitatu viliingia bila kubana.

Anayetaga namfunga kitambaa chekundu cha kitenge mguuni, asiyetaga namfunga cheupe, lakini simhukumu kwa usiku mmoja. Mtetea anayeatamia, anayelea vifaranga au anayenyonyoka manyoya naye hupumzika kutaga, na ukimpima siku hiyo utamdhania hafai. Kwa hiyo narudia baada ya wiki tatu, na aliye na kitambaa cheupe mara zote mbili bila sababu yoyote kati ya hizo ndiye ninayemhesabu kuwa wa ziada.

Hapa naomba nitofautiane kidogo na ushauri niliowahi kupewa, kwamba mtetea akishapita miaka miwili auzwe. Ushauri huo unawafaa wenye kuku wa mayai wa kisasa, ambao huondolewa wote pamoja wakifikisha wiki 72 hadi 80 hivi kwa sababu hawaatamii na kazi yao ni yai tu. Mtetea wa kienyeji ana kazi tatu: anataga, anaatamia siku 21, kisha anatembea na vifaranga akiwafundisha kuparua na kuwakinga dhidi ya mwewe. Nina kishingo mmoja, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, mwenye miaka minne ambaye hutaga mayai machache kuliko wadogo zake, lakini kila anapoatamia mayai kumi na moja hutotoa tisa au kumi, na vifaranga wake hukua. Wapo mitetea wachanga wazuri kwa sura ambao wamekimbia viota mara mbili mfululizo. Kwa mizani yangu kishingo abaki, na hao waende, ingawa mnunuzi atatoa fedha nyingi zaidi kwa hao.

Majogoo hawanipi shida ya kuamua. Mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10, kwa hiyo nilibakiza wawili, tena mmoja nilibadilishana na jirani ili watoto wasiwapande mama zao. Wengine sita waliondoka, wa kwanza kabisa.

Jumla walioondoka mwaka jana walikuwa majogoo hao sita, mitetea saba na matemba watatu. Mitetea wanne wazee tuliwala wenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ziko nyumba nyingi zenye kuku uani ambapo watoto hula ugali kwa mlenda wiki nzima, na kuku huonekana mezani siku ya mgeni tu. Mtetea mzee ana nyama ngumu, hilo ni kweli, lakini akichemshwa taratibu kwenye jiko la mkaa kwa saa mbili au zaidi, kisha akaungwa kwa karanga zilizotwangwa kama tunavyopika huku Unyamwezini, supu yake haina mfano kwa temba yeyote. Aliyepewa dawa asichinjwe hadi siku zilizoandikwa kwenye kasha la dawa zipite, na mayai yake vivyo hivyo.

Majogoo na mitetea watatu niliwauza, si wote kwa siku moja, na kwa kuwachagua mimi. Ningeweza kuwasubirisha hadi Desemba, bei inapopanda, lakini nilipiga hesabu ya chakula cha miezi sita nikaona faida yote ingeishia kwenye pumba. Anayelenga sikukuu ni afadhali apange mapema vifaranga wake waangukie huko kuliko kuwalisha wazee hadi huko. Matemba watatu, ambao walikuwa wazima na wa uzao mzuri ila sikuwa na nafasi nao, niliwapa majirani wawili kwa makubaliano kwamba uzao wa kwanza tutagawana nusu kwa nusu. Mmoja wa majirani hao ni mama mjane ambaye hakuwa na kuku hata mmoja. Leo anao tisa, na mimi nimerudishiwa haki yangu.

Limebaki jambo moja zito, Ndugu Mhariri, na nitalisema hata kama litawaudhi baadhi ya wafugaji wenzangu. Wengi wetu hukumbuka kwamba tuna kuku wa ziada siku tunaposikia kideri kimeingia mtaani. Hapo kila mtu hukimbiza tenga sokoni auze kabla hawajafa. Mimi nilimnunua mtetea wa namna hiyo kwenye gulio, akiwa anaonekana mzima, nikamwingiza bandani siku hiyohiyo bila kumtenga. Siku ya tano alikuwa ameshusha mabawa, anaharisha kijani, na shingo imepinda kuelekea mgongoni. Ndani ya siku kumi nilizika kuku 27. Mwanangu mdogo alikuwa akiwabeba kwenye beseni na kuniuliza kila mara kama aliyebaki naye ataondoka. Aliyeniuzia huenda alifikiri anaokoa shilingi zake, lakini yule kuku alibeba ugonjwa kutoka kata moja hadi nyingine, na sijui ni nyumba ngapi nyingine zilipata wenzake.

Kideri hakina tiba, kina chanjo. Ile ya matone ya jicho inayostahimili joto hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwa kuwa chupa moja ina matone ya kuku wengi kuliko wa nyumba moja na ikishafunguliwa haiwekwi, sisi majirani saba huchangishana na kuchanja siku moja. Ninachoomba ni kwamba uchaguzi wa kuku wa ziada ufuate chanjo na usifuate tangazo la ugonjwa: tuchanje, tusubiri angalau wiki mbili kinga ijengeke, ndipo tuuze au kugawa, ili anayempokea kuku apokee aliyekingwa. Kuku akishaanza kuugua asitoke uani kwa mguu wala kwa tenga, na anayekufa azikwe shimo refu au achomwe, asitupwe jalalani ambako mbwa watamsambaza.

Naliomba gazeti lako, pamoja na maafisa ugani wanaoandika humo, watenge makala moja kabla ya kiangazi waonyeshe kwa picha namna ya kupima mifupa ya nyonga, maana maneno yangu hayatoshi kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa. Na semina za kata, ambazo sasa huishia kwenye kugawa vifaranga, ziongeze usiku mmoja tu wa kuwashika mitetea wakubwa bandani.

Mimi nitafanya uchaguzi wangu wa mwaka huu wiki ya mwisho ya Mei. Majirani wa mtaa wangu ambao wangependa kujifunza kwa kushika wanakaribishwa kuanzia saa moja na nusu usiku, waje na tochi, na wanawe mikono na kubadili viatu kabla ya kuingia bandani na kabla ya kurudi kwao.

Wako,
Mama mfugaji,
Isevya, Tabora.