Mkichapa kauli ya rais wa Marekani, tuambieni pia korti imesemaje

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii wiki jana kwamba kule Marekani rais akishafungua kinywa, mambo yamekwisha. Naomba nafasi kidogo nimpinge. Kazi yangu ni kujazia watu fomu za viza katika saiba hapa Eastleigh, na hasara ya imani hiyo nimeishuhudia mezani pangu.

Ijumaa ya Januari 27, 2017, Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba, Somalia ikiwemo, kuingia Marekani kwa siku 90. Jumatatu yake akaja mteja wangu, mama Msomali aliyekwisha kupata viza ya kumfuata mumewe Minneapolis. Alishika gazeti alilolikunja mara nne, picha ya rais imebaki kidevu tu. Siku hiyo hiyo akarudisha tiketi ya ndege, akakatwa pesa za kuuma. Ijumaa iliyofuata, Februari 3, jaji James Robart wa Seattle, katika kesi ya majimbo ya Washington na Minnesota, aliisimamisha amri nchi nzima, na viza zilizofutwa zikaanza kutumika tena. Gazeti lile lile liliitia habari hiyo ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Mama hakuiona. Nakiri nami sikuiona. Ni mumewe aliyetupigia simu.

Rais alimwita Robart "eti jaji" mtandaoni. Haikusaidia: Februari 9 majaji watatu wa rufaa kule San Francisco walikataa kwa kauli moja kuirejesha amri.

Sisemi kwamba hotuba ni upepo. Korti ya Marekani haina askari wala hazina, na bila mkono wa rais hukumu yake inaweza kubaki karatasi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, iliamua kwamba kuwatenga watoto wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Miaka mitatu baadaye, Septemba 4, 1957, msichana mweusi wa miaka 15, Elizabeth Eckford, alifika peke yake katika shule ya Central mjini Little Rock, jimbo la Arkansas. Wenzake wanane walikuwa wamepanga kwenda pamoja, ila nyumbani kwa kina Elizabeth hapakuwa na simu, basi mpango haukumfikia. Askari wa jimbo, waliowekwa pale na gavana Orval Faubus, wakamzibia njia. Umati ukamwandama kwa matusi mpaka akaketi kwenye benchi la kituo cha basi. Hukumu ilikuwa upande wake, lakini pale kituoni haikumfaa kitu.

Hatimaye rais wa wakati huo, Dwight Eisenhower, alikatiza likizo, akarudi Ikulu, na usiku wa Septemba 24 akalihutubia taifa. Alisema maoni ya mtu kuhusu hukumu hayahusiani na utekelezaji wake. Kinachonivutia ni alichokiacha: hakusema kama yeye mwenyewe anaiafiki. Na Jaji Mkuu aliyeiandika, Earl Warren, alikuwa ameteuliwa na yeye! Kesho yake wanajeshi wa kikosi cha 101 wakawasindikiza watoto tisa hadi ndani.

Amri ya Trump nayo, toleo la tatu, ilifika Mahakama ya Juu, na Juni 2018 rais akashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Walalamishi walitumia maneno yake mwenyewe dhidi ya Waislamu kama ushahidi. Jaji Mkuu John Roberts alikumbusha hotuba ya Eisenhower, ya mwaka ule ule wa Little Rock, alipokwenda kwenye ufunguzi wa kituo cha Kiislamu jijini Washington akawaahidi Waislamu uhuru wa kuabudu. Halafu akaandika kwamba suala lililo mbele ya korti si kuyalaani maneno ya rais. Jaji Sonia Sotomayor alikataa, akayanukuu maneno hayo moja baada ya jingine, na pingamizi lake akalisoma kwa sauti mahakamani. Mimi niko naye. Mtu akitangaza nia yake hadharani kisha akaja na waraka wenye adabu, nia haijabadilika.

Kwa hiyo, Mhariri, mkichapa kauli ya Ikulu ya Marekani ukurasa wa kwanza, fuatilieni kama kuna kesi, iko korti gani, na jaji ameagiza nini, mtupe habari hiyo pale pale mbele. Yule mama alisafiri mwezi huo huo wa Februari, kwa tiketi ghali kuliko ile aliyoirudisha.

Mjaza fomu,
Eastleigh, Nairobi