Bahasha ya mbegu

Cheyo, Tabora
20 Oktoba

Kwako Mama Shukuru,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, isipokuwa joto, na mawingu yanapita tu bila kudondosha kitu. Kwenu Ujiji najua mvua hutangulia, ndiyo maana nimeona nisichelewe kukuandikia.

Uliniambia uwanja wa nyumba mpya umekaa mtupu, na bei ya miche ikakuvunja moyo. Usinunue hata mche mmoja. Mbegu za kwenye bahasha hii zote nimezivuna mwenyewe uani, sikutoa hata senti.

Zile nyeusi zenye mkia mweupe, kama vifagio vidogo, ni tagetesi, yale maua ya njano na ya machungwa yenye harufu kali. Zile bapa za kahawia, kama ncha ya mkuki, ni zinia. Nyembamba zilizopinda kidogo ni kosmosi. Zile za mviringo, nyeusi, zenye mikunjo kama pilipili manga, ni za lile ua linalofunguka jioni na kunukia usiku kucha. Hizo mweke mbali Shukuru, zina sumu.

Mwaka juzi nilinunua pakiti dukani, nikapanda yote, nikamwagilia wiki mbili nzima. Haikuota hata moja. Iliniuma, maana ilikuwa hela ya mboga. Tangu siku hiyo mbegu nazijaribu kwanza. Nahesabu kumi, nazipanga juu ya kitambaa kilicholowa, nakikunja, nakitia ndani ya kopo lenye mfuniko. Siku ya tano au ya sita nafungua. Ya zinia utaiona imepasuka, kimzizi cheupe kimeshatoka na kujipinda kutafuta chini. Zikiota saba au nane, panda bila wasiwasi. Zikiota mbili tatu, mwaga nyingi shimo moja.

Hizi nilizokutumia zilitoa tisa.

Zinia haipendi kuhamishwa, kwa hiyo ipande palepale itakapokaa. Chimbua udongo ulainike, changanya na samadi iliyooza vizuri, fukia mbegu kina cha ukucha tu, halafu tandaza matawi yenye miiba mpaka miche ikomae kidogo. Bila miiba, kuku watafukua yote kabla ya saa nne. Kosmosi usiipe samadi kabisa. Ukiilisha sana inarefuka, inajaa majani, na maua huyaoni. Ile kona yenye mchanga na kokoto uliyoilalamikia ndiyo mahali pake.

Zinia ikifika shibiri moja, ikate kichwa. Najua mkono utasita, hata mimi ulinisita, lakini ndipo inapotoa matawi, na kila tawi lina ua lake. Maji mimina shinani, asubuhi. Majani yakilowa kila siku yanapata magonjwa kwa urahisi. Baada ya miezi miwili hivi utakuwa na maua ya kuweka mezani, na kadiri unavyoyakata ndivyo yanavyozidi kuja.

Ila machache mazuri kuliko yote usiyaguse. Yaache yakauke kwenye mti mpaka kichwa kiwe cha kahawia na kikivunjika kitoe mlio. Anika kivulini, pukuchua, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na mwezi. Hiyo ndiyo bustani yako ya mwakani. Za pakiti za dukani zikiandikwa chotara, mbegu zake hazirudi kufanana na mama yao, usizitegemee.

Nakuomba kitu kimoja. Zinia zangu nyekundu ziliisha, nilizitoa zote kwa jirani aliyefiwa apambie kaburi, sikubakiza ya mbegu. Kwenye bahasha yako huenda mkawa na mbili tatu. Zikitokea, nitunzie kichwa kimoja.

Mdogo wangu aliyekuletea hii anarudi na treni wiki ijayo. Ukipata samaki wale, migebuka mikavu, mpe hata miwili. Msalimie sana Baba Shukuru.

Wako,
Mama Neema