Kocha sio lazima awe alikuwa staa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kurasa zenu za michezo zikigusa kikapu ni nani kafunga pointi ngapi, basi. Ndo maana hata timu zetu za mtaani zikitaka kocha zinamkimbilia yule aliyekuwa anafunga sana enzi zake, hata kama hajawahi kumuelekeza mtu chochote.

Mnakumbuka ile mechi ya kirafiki Julai 2024 pale London, Marekani na Sudan Kusini? LeBron James aliwaokoa Wamarekani sekunde za mwisho kabisa wakashinda 101 kwa 100, na Sudan Kusini walishaongoza kwa pointi 16 jamani! Lakini nani aliangalia makocha? Steve Kerr upande wa Marekani, Royal Ivey upande wa Sudan Kusini, wote wawili NBA, ile ligi kuu ya kikapu Marekani, walikuwa watu wa kutokea benchi.

Kerr kwenye drafti ya 1988, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichukuliwa wa 50, maisha yake yote wastani wake pointi 6 hivi kwa mechi, ila kwa pointi tatu jamaa alikuwa balaa, asilimia 45 ya mitupo yake iliingia na hajapatikana wa kumpita. Kakaa pembeni ya kocha Phil Jackson kule Chicago, kaenda kwa kocha Popovich San Antonio, akaondoka na mataji 5 kama mchezaji, yani shule gani inazidi hiyo. 2014 Golden State, timu nyingine ya NBA, wakampa timu hajawahi kuwa kocha popote, msimu wa kwanza tu kabeba ubingwa, na mpaka leo kama kocha anayo manne.

Ivey ndo simjui mtu anayemtaja. Wa 37 drafti ya 2004, akaanzia Atlanta, akazunguka timu kadhaa kazi yake kukaba tu. Alipoacha kucheza hakuona aibu kuanza kama kocha msaidizi kwenye ligi ndogo. Baadae Luol Deng, rais wa kikapu Sudan Kusini, akamkabidhi timu ya taifa ya nchi iliyopata uhuru 2011, wakati huo haikuwa na hata uwanja wa ndani, akaifanya ya kwanza Afrika kwenye Kombe la Dunia 2023 halafu Olimpiki ya Paris 2024 ikaipiga Puerto Rico 90 kwa 79.

Sisemi staa hawezi kufundisha, wapo. Ila anayekaa benchi anausikia mchezo wote kutoka mdomoni mwa kocha. Sasa mhariri, tumeni mwandishi kwenye ligi za mikoa awahoji makocha wasaidizi, na picha zao mziweke kubwa.

Msomaji wenu, Dar es Salaam