Waombe mji kwanza

Dar es Salaam,
Jumamosi jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Ubungo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wanafunzi wako wa uchumi wa mwaka wa kwanza wamenyamaza kama maji ya mtungi, nawe unaanza kuhisi hufai kufundisha. Ondoa wazo hilo kabisa.

Usidhani hawajui. Wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na tangu hapo wamezoea kuandika Kiingereza kuliko kukisema. Ongeza ugeni: wa Kigoma kakaa benchi moja na wa Mtwara, hata majina hawajuani. Nani atathubutu kukosea mbele ya watu asiowafahamu?

Mwaka jana nilikosea vibaya. Semina ya kwanza niliwaambia wasimame mmoja mmoja, kila mtu ataje jambo lake ambalo hakuna anayelijua. Binti mmoja wa nyuma alisimama, midomo ikamtetemeka, akakaa bila kusema neno. Semina nne zilizofuata hakuonekana. Mpaka leo linaniuma.

Sasa naanza na wawili wawili, dakika 5, kwa Kiswahili. Waulizane majina, walikotoka, na kitu gani cha uchumi kimewahi kuwasumbua nyumbani kwao. Halafu kila mmoja anamtambulisha mwenzake. Kumsemea mwenzio ni rahisi kuliko kujisemea, utaliona mwenyewe.

Baada ya hapo nawategea kitendawili cha somo: "Nikipanda mimi, Kariakoo wateja wanapungua." Wakishindwa, naomba mji. Safari iliyopita kijana mmoja alinipa Songea. Nikasema, nimekwenda Songea, nimekula, nimekunywa, wenyeji wamenisindikiza hadi stendi, na jibu ni bei! Hapo mwenzake wa Iringa akadakia, "Songea kwa watani zangu, walikupaje chakula wachoyo wale?" Unajua Wahehe na Wangoni: walipigana karne ya 19, leo wanataniana hata msibani. Darasa zima lilicheka, na saa ile ile yule wa Songea akauliza kwa nini bei ya unga ikipanda watu hawaachi kula ugali. Swali hilo lilitubeba hadi kipindi kikaisha! Aliuliza kwa Kiswahili, nikamwacha. Kiingereza kilikuja wiki ya tatu bila kulazimishwa.

Ila makabila usiyaulize wewe. Utani uje wenyewe, maana kuna asiyependa kutajwa kwao. Na usizidishe dakika 10, wasije wakaona unapoteza muda wao wakati mtihani unawasubiri.

Jumatatu ukiingia, jaribu. Kisha uniandikie mji wa kwanza waliokupa, na nani aliyeutoa. Wasalimie nyumbani, watoto wabusu.

Ni mimi mwenzako,
tuliyekaa chumba kimoja miaka mitatu