Maza bodi isiguswe kwanza

Tanga, Jumatano usiku

Mwanaidi, shoga yangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako, kwamba kompyuta ya dukani kwako inaganda mchana, asubuhi inagoma kuwaka, saa yake inarudi miaka ya nyuma, na fundi anataka kuanza na maza bodi, niliusoma nikiwa kwenye daladala, nikaona nikikujibu kwa vijineno vya simu utapotea katikati.

Huyo fundi asiguse maza bodi yako kwanza, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani. Mashine ambayo feni inazunguka na taa inawaka ila monita ni giza tupu, si lazima iwe imekufa. Kwa ulivyonieleza, naona una magonjwa mawili yaliyokutana: kuganda mchana, na kugoma kuwaka asubuhi.

Kuganda nakujua. Yangu ilikuwa ikiganda kila saa nane mchana, asubuhi nzima kabisa. Nikaamini ni virusi. Nikapiga Windows upya mara mbili, na mara ya pili nikapoteza picha zote za harusi ya kaka. Hadi leo wifi ananitazama kwa jicho lile. Siku nilipofungua ubavu wa kasha ndipo nikaona: vile vibati vya kupozea, chini ya feni ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, vimezibwa na vumbi lililoshikana kama pamba ya godoro. Joto halina pa kutokea, basi prosesa inajipunguzia kasi, na likizidi mashine inajizima isiungue. Sasa wewe una fotokopi, vumbi la karatasi na la barabarani, na kasha umeliweka sakafuni. Ulitegemea nini?

Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde 30 umeme uliobaki uishe. Shika chuma kitupu cha kasha kabla hujagusa chochote ndani, maana umeme wa mwilini unaweza kuua ramu, vile vijibao vya kumbukumbu, bila hata wewe kushtuka. Puliza kwa blowa, tena uani, si dukani, na uzuie feni kwa kidole isizunguke. Lile sanduku la pawa saplai, linaloigawia mashine umeme, usilifungue kamwe. Ndani yake umeme hukaa hata waya ukiwa nje.

Tuje kwenye giza la asubuhi. Toa ramu zote mbili, chukua raba ya penseli, sugua taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu, uyafute vizuri. Rudisha moja tu, uikandamize mpaka kishikizo kilie "ta". Washa. Ikigoma, jaribu ile nyingine, kisha tundu jingine. Mashine nyingi zilizokwisha kuliliwa nimeziona zikifufuka hapo hapo.

Kuhusu saa kurudi miaka ya nyuma, hiyo ni betri ya maza bodi: CR2032, volti 3, bapa kama sarafu. Wauza saa wanayo. Tarehe ikiwa ya uongo, kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka, kwa hiyo acha kugombana na bando.

Na flashi! Wateja wako wanazisahau humo kila siku. Mashine nyingine ikikuta flashi hujaribu kuwakia kwenye hiyo, ikakwama. Chomoa zote kabla ya kuwasha.

Kuna jambo moja tu ambalo halisubiri. Ikiwaka ukasikia diski ya ndani, ile inayohifadhi kazi zako, inagonga tak, tak, tak, acha kila kitu, hamishia mitihani ya walimu kwenye diski ya nje siku hiyo hiyo. Vumbi na raba vitafuata.

Ikigoma hata na ramu moja iliyosafishwa, nipigie kabla hujatoa pesa, uniambie inalia milio mingapi ikiwashwa, na kama ni mirefu au mifupi. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi kuja Muheza na pawa saplai yangu, tuijaribishe. Mwambie mama aniwekee visheti, na safari hii wadogo zako wasivimalize kabla sijafika.

Wako,
Rehema