Kabla hamjaipitisha katiba ya redio

Oakland, California

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Sisi huku wazima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Nimefurahi kwamba redio jamii yenu sasa itakuwa na wanachama wanaoichangia kila mwezi. Ila hapo uliposema rasimu ya katiba inairuhusu bodi ijichagulie wajumbe wake yenyewe, nilishtuka. Usikubali, tafadhali. Nikueleze yaliyotokea Berkeley, jirani hapa na ninapokaa.

Redio ya huko, KPFA, ilianza kutangaza tarehe 15 Aprili 1949. Mwanzilishi wake, Lewis Hill, alikuwa mpenda amani aliyekataa kupigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Matangazo ya biashara hakuyataka. Hesabu yake ilikuwa kwamba asilimia 2 tu ya wasikilizaji wakichanga, redio itaishi. Mwaka uliofuata fedha ziliisha, redio ikanyamaza kwa miezi kadhaa, na wasikilizaji ndio waliochangishana mpaka ikarudi hewani 1951. Kwa hiyo watu wa hapa wakisema "redio yetu", wana haki.

Lakini leseni haikuwa yao. Ilikuwa, na bado iko, mikononi mwa taasisi ya Pacifica, ambayo ina vituo vingine Los Angeles, New York, Houston na Washington. Msikilizaji alitoa fedha, kura hakuwa nayo. Februari 1999 bodi ya taifa ya Pacifica ikabadilisha katiba, wajumbe waliokuwa wakitoka kamati za ushauri za vituoni wakakosa nafasi, na bodi ikawa inajichagua. Sababu waliyoitoa haikuwa ya uongo: shirika lililokuwa likigawa ruzuku za serikali kwa redio lilikuwa limewaonya kwamba mjumbe wa kamati ya ushauri ya kituo asikae pia kwenye bodi ya uongozi. Sawa. Lakini si wangewapa wasikilizaji kura? Na mwenyekiti wao, Mary Frances Berry, ndiye aliyekuwa akiongoza pia Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Hakuwa adui wa wanyonge hata kidogo, na bado mambo yakafika yalikofika.

Mwezi Machi meneja wa KPFA, Nicole Sawaya, akanyimwa mkataba mpya. Watangazaji wakakatazwa kuligusia jambo hilo hewani. Larry Bensky aliligusia, akafukuzwa. Kisha mjumbe mmoja wa bodi akamwandikia mwenyekiti baruapepe kuhusu kuuza kituo, nayo kwa bahati mbaya ikaangukia kwa wanaharakati wa vyombo vya habari. Masafa ya KPFA, 94.1, yako kwenye sehemu ya FM wanayoruhusiwa wafanyabiashara, kwa hiyo yana thamani ya mamilioni ya dola. Tarehe 13 Julai mtangazaji Dennis Bernstein akatolewa studio kwa nguvu huku wasikilizaji wakimsikia moja kwa moja. Watu wakakamatwa, jengo likafungwa, zikawa zinapigwa kanda za zamani. Mwisho wa mwezi huo watu wapatao 10,000 waliandamana mjini. Agosti wafanyakazi wakarudi.

Usidhani yaliishia hapo. Desemba 2000 ikawa zamu ya WBAI, kituo cha Pacifica cha New York: vitasa vilibadilishwa usiku, karibu na Krismasi. Zikafuata kesi mpaka mwisho wa 2001, na mwaka 2003 ikapatikana katiba inayowapa wasikilizaji na wafanyakazi kura ya kuchagua bodi za vituo vyao.

Nami sikufichi, kura hazikuleta utulivu. Makundi yamegombana miaka yote hii, na madeni yaliongezeka, hasa kodi ya antena ambayo WBAI ilikuwa nayo kwenye jengo la Empire State. Oktoba 2019 uongozi wa taifa uliwaachisha kazi wafanyakazi wa WBAI na kuweka vipindi vya kutoka kwingine. Ilihitaji kesi na kama mwezi mzima kurudisha vipindi vyao. Hata hivyo nachagua kelele za uchaguzi, maana mwanachama mwenye kura ana pa kusimamia anapodai. Wale wa 1999 walibaki na barabara tu.

Basi kabla ya mkutano mkuu, ulizia leseni ya TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, imeandikwa kwa jina la nani, na mtambo na kiwanja ni mali ya nani. Ukiona jina la mtu mmoja, simama useme. Komaa pia na kifungu cha kuuza mali: kisipite bila kura ya wanachama. Na mtangazaji asiadhibiwe kwa kueleza ugomvi wa redio kwa watu wanaoilipia.

Nipigie picha rasimu yote, hata kurasa zenye mihuri, unitumie kabla ya Ijumaa. Nitaisoma usiku huo huo nikuandikie pembeni. Mama nisalimie sana.

Wako akupendaye