Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani: tuonyesheni makorongo yalikopita

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PICHA ZA ANGA ZA ZAMANI ZA DODOMA

Mimi ni mkazi wa Nkuhungu. Kiwanja changu nilikinunua mwezi wa tisa, kikavu kama mfupa. Aliyeniuzia alinisifia ule mchanga mweupe: nitaokoa hela ya kujengea. Kweli, niliufyatulia matofali. Mvua za Januari zikaja kuudai mchanga wao. Maji yaliingia kwa mlango wa uani yakatokea sebuleni, yakaacha mstari wa tope ukutani, usawa wa goti. Nimepaka rangi mara mbili na bado unaonekana.

Nimejenga juu ya korongo. Lilishalimwa na kufukiwa, kwa hiyo ukisimama chini huoni kitu. Kwa juu linaonekana. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walirusha ndege Tanganyika kupiga picha za kuchorea ramani, nao watu wa fani yako wanajua utamu wake: kila picha hupandana na mwenzake kwa asilimia 60 hivi, ukiziweka mbili chini ya stereoskopu, kile kifaa cha lenzi mbili, kilima kinainuka na korongo linazama mbele ya macho yako. Mchanga mkavu hutoka mweupe kama chokaa, na migunga ya ukingoni vidoa vyeusi. Hata asiyesoma anaufuata mkondo kwa kidole.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatutaka tukae meta 60 kutoka mtoni. Sawa, lakini korongo lililofukiwa napimia kutoka wapi? Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji huu ni la tembo aliyezama topeni, nasi tunauziana viwanja kana kwamba hapajawahi kulowa.

Naomba picha za Dodoma mlizonazo, hasa za kabla ya 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa, ziskaniwe, zichorewe mitaa ya leo juu yake, zibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, pale pale mikataba ya mauziano inapogongwa muhuri. Mnunuzi aangalie kwanza, ndipo atoe hela.

Najua viwanja vingine vitashuka bei, changu kikiwa cha kwanza. Bandikeni tu.

Wako,
Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma